Marehemu Mama wa Msanii

Fundi alipata habari za kifo chake asubuhi ya kazi, akiwa na pini mdomoni.

Mteja alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono juu kama mtu aliyekamatwa, gauni limembana kwenye kwapa, na Fundi amepiga magoti nyuma yake akipandisha pindo. Redio ilikuwa juu ya kabati la vitambaa, mahali pake pa siku zote, imefunikwa kipande cha lasi ili isile vumbi. Sauti ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho, maana aliyekuwa akihojiwa ni mwanawe wa pekee, mchoraji, na habari za mahojiano hayo Fundi alikuwa amezitangaza mtaa mzima hata kwa watu wasiomsalimia.

Mtangazaji alikwisha kumsifu kijana mpaka sifa zikamwishia. Nyota inayong'aa, mfano wa kuigwa, mkono uliowaliza watu wazima kwa picha za mama mmoja akishona. Kisha akashusha sauti, kama wafanyavyo watu wanaonusa machozi kwa mbali.

"Tuambie, mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Halafu sauti ya mwanawe, ileile inayomwomba chai kila akija nyumbani, ikasema, "Mama alifariki nikiwa mdogo sana. Namkumbuka mgongo tu."

Mtu mwenye pini mdomoni hapigi kelele. Akipiga atazimeza, na hapo msiba utakuwa wa kweli. Fundi akazitoa moja moja, taratibu, akazichomeka kwenye kimto alichokifunga mkononi.

"Teremsha mikono," akamwambia mteja.

Mteja alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu wa adabu zake. Aliteremsha mikono, akatazama redio, akamtazama Fundi.

"Fundi, huyo si yule kijana wako?"

"Ndiye."

"Na sasa wewe…"

"Mimi ndiye marehemu. Geuka nione nyuma."

Hapa inabidi ielezwe jinsi mtu anavyofanikiwa katika sanaa, maana wapo wanaodhani ni kwa kuchora. Fundi naye alikuwa mmoja wao mpaka alipomkamua mwanawe baadaye, kama nguo iliyotoka kwenye beseni, ndipo ukweli ukachuruzika wote.

Kijana alichora tangu utoto. Ila alikuwa na ulemavu mmoja ambao watu wa nje hawakuujua: alikuwa mchoraji wa kuona. Ukimwekea boga mbele yake alikuchorea boga mpaka unatamani kulipika. Ukiliondoa, mkono ulikufa ganzi. Wenzake darasani walichora simba na ndege za kivita. Yeye alikaa na karatasi nyeupe kwa sababu hapakuwa na simba wa kumtazama. Na katika nyumba yao kitu pekee kilichotulia mahali pamoja, mwanga wa dirisha ukikipata vizuri, kilikuwa mama yake kwenye cherehani. Basi akamchora yeye. Alimchora mgongo, shingo, viwiko, kichwa kilichoinama juu ya zipu iliyokataa. Alipokua aliendelea kumchora yeye, maana mama hadai malipo ya kukaa na wala haulizi kama amependeza.

Picha zilikuwa nzuri. Zilikaa nzuri hivyo hivyo miaka na miaka, zimeegemezwa ukutani nyuma ya kitanda. Moja ilining'inizwa kwa daktari wa meno, mbele ya watu walioshika mashavu, na hakuna aliyeinua macho.

Mpaka alipoingia katika jumba la picha la Madamu. Madamu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo, na hakuna aliyewahi kuiona ikifika puani. Alizitazama picha muda mrefu, kichwa kimeinama upande, kisha akasema, "Kazi ni nzuri. Tatizo ni wewe. Uliteseka?"

"Niliwahi kuugua surua," kijana akajibu.

"Mama yupo?"

"Yupo."

Madamu akashusha pumzi, kama daktari aliyeshika majibu mabaya. "Unaona sasa. Basi hizi ni picha za mwanamke anayeshona. Angekuwa hayupo, zingekuwa picha za pengo. Shida yako, kijana wangu, ni kwamba huna shida."

Kijana hakusema ndiyo, wala hakusema siyo. Alinyamaza, na Madamu akaandika. Hivyo ndivyo mama anavyouawa na watu wastaarabu: mmoja anaandika, mwingine ananyamaza. Baada ya hapo milango ikafunguka yenyewe. Watu waliokuwa wakimpita kijana bila salamu walianza kumshika bega na kumwambia ajikaze.

Wifi yake Fundi, dada wa marehemu mumewe, aliingia siku ileile ya redio kabla hata mwalimu hajavua gauni. Alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Wifi, pole kwa msiba."

"Asante. Kaa hapo, sogeza hiyo pasi."

"Nimekuja kutazama kama maiti inahitaji chochote."

"Inahitaji uishikie uzi."

Wifi akaketi, akashika uzi. "Mimi sina neno na kufa kwako," akasema. "Ninachouliza ni kimoja. Kaka yangu amekufa kweli, amezikwa mchana kweupe, mbona hakuna anayemchora?"

Swali lilikuwa la haki. Marehemu halali alikuwepo ndani ya familia. Lakini alikuwa karani wa ghala, aliugua kwa utulivu na kufa bila kumsumbua mtu, na kifo cha namna hiyo hakina soko.

Wifi alicheka. Fundi hakucheka. Kufa lilikuwa jambo dogo. Mtu aliyeshona miaka yote hiyo amekwisha kuona mengi. Kilichomuuma kilikuwa kimetundikwa nyuma ya mlango, ndani ya mfuko wa nailoni. Lilikuwa gauni la rangi ya kahawa, limewekwa bitana, vifungo vyake vimevikwa kitambaa kilekile kimoja kimoja kwa mkono. Maisha yake yote Fundi alishona nguo za shughuli za watu wengine, akabaki nyumbani na vipande. Hili alijishonea yeye, kwa siku ya maonyesho makubwa ya mwanawe. Kijana alikuwa ameahidi: wataingia pamoja, amemshika mkono, naye atasema mbele za watu, huyu ni mama yangu. Sentensi moja. Fundi hakuwahi kumwomba mwanawe kitu kingine tangu aanze kunyoa ndevu.

Sasa mwenye gauni alikuwa chini ya udongo.

Msanii alikuja baada ya siku kadhaa, alasiri, na turubai jeupe kubwa kwapani. Viatu vilikuwa na madoa ya rangi, kwa sababu Madamu alimkataza kuvisafisha.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," akasema Fundi bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Siku hizi hata sisi wa huko tunaitikia."

Kijana aliegemeza turubai, akaketi kwenye ukingo wa kiti. "Mama, ile ni hadithi tu ya kazi."

"Nami nina kazi. Sijawahi kumwambia mteja kwamba nimekuzika wewe ili gauni limkae vizuri."

"Nitarekebisha. Maonyesho yakiisha."

"Utanifufua."

"Polepole, mama. Ghafla watu watashtuka."

"Hata sisi tulishtuka," shangazi akasema. "Tena wengine tulikuwa tunakula."

Kijana alikunja vidole mpaka vikalia. Kisha akatoa lililomleta. Madamu anataka picha moja zaidi, kubwa kuliko zote, ya ukuta unaotazamana na mlango. Picha ya marehemu. Na yeye, kama wanavyojua, bila kuona hawezi.

Cherehani ikasimama.

"Nisikie vizuri," Fundi akasema. "Unataka marehemu akukalie kitini."

"Upande wa dirisha. Kama siku zote."

"Sawa."

"Na, mama… kama ungeweza… nywele." Akajigusa kichwa. "Ungezipaka nyeusi kidogo. Ulikufa ukiwa kijana."

Shangazi aliangua kicheko mpaka kibunda cha uzi kikamtoka mikononi na kubingirika chini ya kabati. "Tena ulikuwa mwembamba, wifi," akasema akijifuta macho. "Usisahau. Ulikufa mwembamba sana."

Fundi aliinama, akakitoa kibunda chini ya kabati, akakipangusa vumbi. Alipoinuka alikuwa amekwisha kuamua.

"Nitakaa," akasema. "Ila nywele sigusi. Na dirishani sigeuki. Nitakaa hivi, nakutazama. Umechora mgongo wangu vya kutosha, watu wameuzoea."

Kijana alikubali, kwa kuwa hakuwa na mama mwingine.

Alichora mchana, Fundi akishona kwa mkono, shati la mtu magotini, macho yakishuka kwenye sindano na kupanda kwake. Siku ya kwanza alizipaka nywele nyeusi. Alirudi nyuma, akatazama picha, akamtazama mama, akachukua tambara akazifuta. Akazipaka tena nyeusi, akazifuta tena. Mkono wake haukujua kusema uongo. Kazi hiyo ilikuwa ya mdomo. Mwisho akazipaka jinsi zilivyo, mvi za mbele zikiwa nyeupe kama pamba na za nyuma kama jivu. Akaichora na miwani, mkono mmoja wa miwani hiyo umefungwa uzi pale ulipovunjika. Akayachora macho. Alichora kama mtu anayesomewa mashtaka.

Ilipokauka akaibeba. Mlangoni akasimama, akiongea na viatu vyake.

"Siku hiyo uje, mama. Ila uje… kama mtu wa kawaida."

"Mtu wa kawaida ndiye nani?"

"Mgeni tu."

"Haya, mwenyeji."

Alipoondoka shangazi akasema, "Huendi."

"Nakwenda. Watu wote hukosa kusikia wanavyosifiwa msibani kwao. Mimi nimepata bahati."

Ilisikika kama mzaha. Lakini usiku, alipobaki peke yake, Fundi alilipiga pasi lile gauni ambalo halikuwa na kunyanzi hata moja. Pengine akiniona, aliwaza, atasema. Akiniona nimesimama pale, ndani ya gauni, atasema. Alilipiga pasi mara ya pili.

Jumba la Madamu lilikuwa na kuta nyeupe kiasi kwamba mtu aliona haya kuegemea. Sakafu iling'aa. Wageni walishika glasi za sharubati kwa vidole viwili na kuongea chini chini, kama wako hospitalini. Fundi na wifi yake waliingia wenyewe, hakuna aliyewashika mkono. Kwa mbali walimwona msanii katikati ya watu, amevaa shati lililokunjamana kwa makusudi. Aliwaona. Akageuza uso.

Kila ukuta ulikuwa na Fundi. Mgongo wa Fundi ndani ya gauni la bluu. Kiwiko cha Fundi. Shingo ya Fundi siku ile ya joto alipokuwa akimaliza sare za shule. Mbele ya picha moja mzee mwenye kofia alikuwa akiwafundisha wenzake.

"Tazameni kiti," alisema. "Jinsi kinavyomkosa. Hiki kiti kinalia."

Fundi alikitazama. Kiti hakikuwa kikimkosa mtu, alikuwa amekikalia.

Kando yake mama mmoja aliyevaa lulu alijifuta machozi. "Una watoto, dada?" akamuuliza Fundi.

"Mmoja."

"Yu hai?"

"Yule pale, anakunywa sharubati."

Yule mama hakugeuka kutazama, alikuwa amejaa huzuni. "Basi huwezi kujua uchungu wa huyu kijana."

"Najitahidi kuujua," Fundi akasema.

Ukuta unaotazamana na mlango ulikuwa na mgongo mwingine, wa zamani. Picha mpya haikuwepo. Waliitafuta, wakazunguka, wakaikuta kwenye ujia wa kwenda chooni, kati ya ndoo ya mchanga na swichi ya taa. Kikaratasi cha chini yake kilisema: Jirani.

Walisimama hapo. Madamu akapita mbio mbio, miwani ikimchezea kifuani, akawaona.

"Karibuni, karibuni. Huyo ni jirani yake tu, kizee cha mtaani kwao. Msanii alisema hivyo mwenyewe nilipomuuliza. Haimo kabisa katika hadithi, ila ana macho, nikaona tusiitupe. Picha za maana ziko kule." Akamgusa Fundi begani kwa upole, akatazama picha, akamtazama Fundi, akatabasamu, akaenda zake.

"Twende nyumbani, wifi," shangazi akasema.

"Twende," Fundi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alikunja midomo, akaweka mkoba begani.

Lakini mlango ulikuwa ng'ambo ya umati, na hotuba zilikuwa zimeanza. Wakabanwa nyuma, karibu na nguzo, wakisubiri watu wapige makofi wapate kupenya. Madamu alishika kipaza sauti, akamvika msanii kilemba cha ukoka cha kutosha vichwa vitatu, kisha akamkabidhi.

"Tunakuomba jambo moja," akasema. "Fumba macho, utuambie unamwonaje mama."

Msanii akafumba macho. Watu wakasubiri. Kipaza sauti kikavuma. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Nikifumba macho sioni kitu," akasema.

Umati ukaguna kwa uchungu. Mzee wa kofia akatikisa kichwa: kina kilichoje. Mtu akapiga makofi.

"Jaribu," Madamu akamhimiza kwa sauti ya asali. "Kidogo tu. Alivaa nini?"

Kijana akafumbua macho. Aliyazungusha juu ya vichwa vya watu kama mtu anayezama akitafuta ubao wa kushika, yakaenda hadi kwenye nguzo, yakaganda hapo. Na mdomo, ambao siku zote ulijua kunyamaza vizuri, ukafuata macho.

"Amevaa gauni la rangi ya kahawa," akasema. "Vifungo vimevikwa kitambaa kilekile. Kola imekaa sawa huku kushoto. Kulia imelala kidogo, kwa sababu mkoba unaivuta."

Watu wakaguna tena. Kumbukumbu ya ajabu.

"Nywele zake za mbele zimeshakuwa nyeupe zote. Nyuma bado. Miwani ameifunga na uzi mweusi, nilimwambia nitamnunulia nyingine, sikununua. Amekunja midomo. Huwa anaikunja hivyo akitaka kuondoka bila kuaga."

Mzee wa kofia ndiye aliyekuwa wa kwanza kugeuka, maana alikuwa mtu wa kuchunguza. Akafuata macho ya msanii mpaka kwenye nguzo. Kisha yule mama wa lulu. Kisha vichwa vyote, safu kwa safu. Madamu alipapasa kifuani, akaishika miwani, akaivaa.

"Ni nani huyo?" mtu akauliza.

Nafasi ya kusema jirani ilikuwepo. Fundi aliiona ikimpita mwanawe usoni, akaiona ikigeuka na kurudi tena. Aliushika mkoba kwa mikono miwili. Hakumsaidia.

"Mama," akasema kijana, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni, neno lilitoka kwenye kuta zote. "Huyo ni mama yangu. Hakufa. Mimi nilisema amekufa."

Yule mama wa lulu alionekana kama mtu anayetaka arudishiwe machozi yake. Mzee wa kofia alirudi kwenye picha, akachungulia kiti, akakuta kimeacha kulia. Wawili watatu waliweka glasi zao dirishani wakatoka, wakilalamika kwamba siku hizi hata maiti si za kuaminika. Bwana mmoja aliyekwisha kuchagua mgongo wa bluu alimnong'oneza Madamu kwamba atafikiria upya, sebule yake ilihitaji pengo na si mwanamke anayeshona.

Madamu hakuwa mtu wa kushindwa na jambo dogo kama uhai. "Wageni wapendwa," akasema kwa nguvu, "kifo kina aina nyingi." Hakuna aliyemsikiliza. Akaja hadi kwenye nguzo. "Mama, ungetuambia mapema kwamba upo. Tungekupangia nafasi."

"Nafasi mlinipangia," Fundi akasema. "Ilikuwa na udongo juu."

Msanii alikuwa amefika. Bila kipaza sauti alionekana mfupi.

"Umesema nani vile?" Fundi akamuuliza. "Kile chombo kilikuwa kinavuma."

"Mama yangu."

"Haya. Nitafutie kiti, miguu inaniuma."

Akamletea kiti, akakiweka kwenye ukuta unaotazamana na mlango, naye Fundi akaketi, akarekebisha kola, akautazama umati uso kwa uso. Watu waliobaki walianza kumjia mmoja mmoja, hawajui waseme pole au waseme hongera. Fundi alipokea zote. Shangazi alisimama pembeni akiwaelekeza wajipange.

Jumba lilipopungua watu, kijana alichuchumaa karibu na kiti. Madamu amesema picha ziondoke kesho, zote. Na redio imepiga simu, wanataka maelezo.

"Utawaeleza," Fundi akasema. "Mdomo unao."

"Na mimi nimechoka kukuchora, mama. Sitaki tena mgongo." Akainua uso. "Nafikiri nianze na shangazi."

Shangazi alikuwa anamalizia sharubati ya mtu aliyeondoka kwa hasira. Aliishusha glasi.

"Nitakaa," akasema. "Kwa nini nisikae. Ila kabla sijaketi, mwanangu, niambie mapema nitakufa kwa ugonjwa gani, nikawaage majirani."

Kijana alitazama sakafu. Fundi ndiye aliyecheka kwanza.